Kitasa

Saa tatu kasorobo usiku. Duka sijalifunga.
Redio nimeiweka kati ya tupa na boksi la funguo
ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.
Mtangazaji anasema, leo anaanza Telmo.
Ukoo hautaji. Bado hajaujua.

Akiwa na miaka tisa alinishikia tochi
siku Dona Alzira alipojifungia nje
na maharage yake yakiungua jikoni.
Mtoto hakuutazama ufunguo, aliitazama mikono yangu.
Nikafurahi: nimepata mrithi, Bragança haitakosa fundi.
Kumbe ndivyo anavyomtazama mshambuliaji.
Mpira hauangalii. Anaangalia nyonga,
nyonga haijui kudanganya.

Alisaini mkataba ana miaka kumi na minane.
Mshahara wa kwanza akamnunulia mama yake mashine ya kufulia,
na mashine hiyo bado tunailipia.
Kisha klabu ikamtoa kwa mkopo, visiwani Azores.
Mkopo! Kama toroli.
Nikauliza, mnamrudisha lini?
Wakasema Juni, akiwa mzima.

Wiki tisa alikaa benchi.
Akipiga simu, hasemi mpira.
Anasema ukungu, ndege haikutua, magazeti hakuna.
Anasema ng'ombe wanaochungulia mazoezi juu ya ukuta wa mawe.
Anasema Baltasar, beki wa miaka thelathini na sita,
anayevua meno ya bandia kabla ya mechi
na kumpa kipa wa akiba amshikie.
Baltasar kamwambia: usikimbie hovyo, kijana.
Ukimwona beki anakimbia, ujue alichelewa kufikiri.

Goti la Baltasar likakataa, mwezi wa pili, kwenye tope.
Mwanangu akaingia dakika ya sitini.
Dakika ya sabini na moja, kona.
Mpira ukamgonga ugokoni, ukaenda ulikotaka.

Usiku ule simu yake ilikuwa na upepo ndani.
"Baba, nimejifunga."
Sikumwambia kuteleza si kuanguka.
Alikuwa ameanguka, tena puu, mbele ya watu mia nane na ng'ombe.
Nilimwambia habari za wateja wangu wa saa nane usiku,
waliosimama kwenye ngazi na soksi tu,
daktari, padri, bwana harusi mmoja,
wote wamejifungia nje, wote wana uso uleule.
Hakuna hata mmoja niliyemkuta pale asubuhi.
Akacheka kidogo. Au ulikuwa upepo.

Hapa mtaani vijana wanasema beki mzuri ni kitasa.
Wananisifia: mzee, umetengeneza kitasa!
Mimi nanyamaza. Kwa miaka thelathini na moja
sijaona kitasa kilichonishinda,
nikiwa na waya na dakika nne.
Ndiyo maana redio naisikiliza nimesimama.

Dakika ya ishirini, jina lake halijatajwa.
Ya arobaini, bado.
Lurdes anaita kutoka ghorofani: "Yupo kweli?"
Yupo, nasema.
Ungesikia kama hayupo.

Ya sitini na sita anatajwa: kadi ya njano.
Alimvuta mtu jezi. Vizuri, mwanangu, vuta.
Ya themanini na tisa, kona.
Nimeshika ufunguo ambao sijamaliza kuuchonga,
meno yake yameniingia kiganjani.
Mtangazaji anapandisha sauti, anapandisha,
kisha anaishusha, kama mtu aliyekuta mlango umefungwa
na hana la kufanya ila kurudi alikotoka.

Sifuri kwa sifuri.
Anaomba radhi kwa wasikilizaji: mechi ilikuwa kavu,
leo hakuna aliyefunga.

Nazima taa. Nashusha mlango wa bati,
nazungusha ufunguo mara mbili,
nausukuma kwa bega kuujaribu.
Nafunga mimi.